Popo wa Pemba na Jina Lake la Kijerumani

Popo wa Pemba ana jina la Mjerumani. Kwa Kilatini cha wataalamu anaitwa Pteropus voeltzkowi, na watu wengi hapa Madungu, Pemba, wakilisoma kwa mara ya kwanza huuliza kama mpiga chapa hakukosea. Hakukosea. Nimefanya kazi ya bwana miti katika kisiwa hiki mpaka nikastaafu, na katika makaratasi ya kazi yangu kila mti na kila mnyama alikuwa na majina mawili, la kwetu na la Kilatini. La kwetu nilinyonya nalo. La Kilatini nilifundishwa ukubwani, kwa shida na kwa manung'uniko, na leo nasema bila ya kusita kwamba ndilo lililomwokoa popo huyu asiliwe mpaka akaisha.

Dai hilo linataka ushahidi, basi tulianze na jina lenyewe. Kitabuni huandikwa hivi: Pteropus voeltzkowi Matschie, 1909. Neno la kwanza, lenye herufi kubwa, ni jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu. La pili ni spishi, na huanza kwa herufi ndogo hata likiwa limetokana na jina la mtu. Kisha anakuja aliyemwandika mnyama huyo, na mwaka alioichapisha habari yake. Nasi humtaja mtu kwa jina lake na ukoo wake. Tofauti ni kwamba wataalamu hutanguliza ukoo, mtu akafuata nyuma.

Alfred Voeltzkow alikuwa mtaalamu wa wanyama aliyezunguka Madagaska, visiwa jirani na pwani ya Afrika Mashariki, katika safari kadhaa, mojawapo ya mwaka 1903 hadi 1905. Alikuwa mkusanyaji asiyechoka: mijusi, ndege, wadudu, popo, vyote vilifungwa vikapelekwa Ujerumani. Popo wetu aliyetumika kuandikiwa jina alipatikana Fufuni, humu humu Pemba. Voeltzkow hakumwita kwa jina lake mwenyewe. Katika fani hii mtu kujipa jina ni utovu wa adabu. Jina lilitolewa na Paul Matschie, mtunza wanyama wanyonyeshao katika makumbusho ya Berlin, kwa kumpa heshima mkusanyaji.

Matschie huyo alikuwa na mkono mwepesi wa kutoa majina. Mwaka 1903 alimwandika sokwe mkubwa wa milima ya Virunga, akamwita Gorilla beringei kwa sababu Kapteni Robert von Beringe alimpiga risasi juu ya mlima Sabinyo mwaka mmoja kabla. Aliamini kwamba kila bonde la mto lina wanyama wake wa peke yao, kwa hiyo akiletewa ngozi kutoka ng'ambo mbili za mlima, hutoa majina mawili. Mengi ya majina yake yalikuja kufutwa na waliomfuata, walipoona kwamba ngozi zile zilitofautiana kwa umri, au kwa msimu, au hazikutofautiana kabisa. La popo wa Pemba halikufutwa. Kila aliyemchunguza tena alikubali kwamba huyu hafanani na popo mwingine popote duniani.

Sasa kanuni. Watu hudhani majina haya hutolewa na ofisi fulani huko Ulaya yenye muhuri. Hakuna ofisi ya namna hiyo. Iko Kamisheni ya kimataifa inayotunza kanuni za majina ya wanyama na kuamua magomvi, lakini jina lenyewe hutolewa na mtu yeyote anayetimiza masharti: achapishe maelezo ya mnyama, aonyeshe anavyotofautiana na wenziwe, na ataje sampuli moja itakayohifadhiwa mahali panapojulikana, ili atakayebisha kesho aende akaitazame. Sampuli hiyo ndiyo mwenye jina hasa. Ikiwa watu wawili wamemwandika mnyama mmoja kwa majina mawili, hushinda la kwanza kuchapishwa. Hesabu ya wanyama inaanzia mwaka 1758, lilipotoka toleo la kumi la kitabu cha Carl Linnaeus wa Sweden. Ya mimea inaanzia 1753, kwa kitabu chake kingine. Kilichoandikwa kabla ya hapo hakihesabiwi, hata kingekuwa kizuri namna gani.

Tena kuna mabano. Hili nalipenda, kwa kuwa ni alama ndogo inayobeba historia nzima. Jina la mwandishi likiwa halina mabano, kama Matschie kwa popo wetu, maana yake mnyama bado yuko katika jenasi ile ile aliyotiwa siku ya kwanza. Likiwa na mabano, basi alihamishwa. Kima punju wa Unguja, ambaye miaka ya 1970 wachache wao waliletwa katika msitu wa Ngezi, huku Pemba, ni Piliocolobus kirkii (Gray, 1868): Gray alimweka katika jenasi Colobus, waliokuja nyuma wakamtoa. Kirk anayetajwa hapo ni John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, aliyepeleka sampuli. Mabano yanakwambia kulikuwa na mjadala, na mjadala ulikwisha kwa kuhama.

Kwa Mpemba, mfano ulio karibu zaidi na tumbo ni mkarafuu. Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina Caryophyllus aromaticus. Baadaye wataalamu wakauona ni ndugu wa miti ya jenasi Eugenia, wakauhamishia huko, na ndiyo maana taarifa za zamani za kilimo cha Zanzibar zimejaa neno Eugenia kila ukurasa. Mwaka 1939 wataalamu Merrill na Perry wakautoa tena, wakautia Syzygium, jenasi moja na mzambarau, nao ndipo ulipo mpaka leo: Syzygium aromaticum. Mti wenyewe haukusogea hata shubiri moja. Mkulima wa Wawi aliendelea kupanda ngazi na kuchuma, na bei haikupanda wala kushuka kwa sababu ya Merrill.

Lakini jina la zamani liliacha kivuli. Ulipoingia ugonjwa wa mikarafuu kufa ghafla, mti mzima unakauka ukiwa na majani yake, watafiti Nutman na Roberts walikuja Zanzibar kuufuatilia, na miaka ya 1950 wakamwandika kuvu waliyemshuku: Valsa eugeniae. Walimpa jina kwa mti ambao, kwa karatasi za 1939, ulikwisha kutoka Eugenia. Na kwa kuwa kanuni hairuhusi jina kubadilishwa kwa sababu tu limepitwa na wakati, kuvu huyo atabaki akiashiria nyumba ambayo mkarafuu haukai tena. Niliwahi kumweleza habari hii kijana wa kazini akacheka mpaka akakaa chini.

Majina ni nusu ya kazi. Nusu nyingine, iliyo ngumu zaidi, ni uainishaji: nani ni ndugu wa nani. Popo hapa ni mtihani mzuri, kwa sababu kila mtoto wa Kiswahili amesimuliwa hadithi ya popo aliyekataliwa na ndege na akakataliwa na wanyama. Binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa sekondari, aliniletea swali hilo hilo kutoka darasani.

"Babu, popo tumweke kwa ndege au kwa wanyama?"

"Ananyonyesha?"

"Ananyonyesha."

"Ana manyoya ya ndege au malaika kama ya paka?"

"Ya paka."

"Basi ushajijibu, mwanangu."

Mpaka hapo ni rahisi. Popo wa Pemba huzaa mtoto mmoja kwa mwaka, akamnyonyesha chini ya kwapa, na bawa lake ni mkono uliorefushwa vidole, ngozi ikatandwa katikati. Ugumu unaanza unapouliza: mnyama wa kundi gani? Linnaeus mwenyewe, mwaka 1758, alimtia popo katika oda moja na nyani na binadamu, kwa vile matiti ni mawili na yako kifuani. Wakamcheka, wakampa popo oda yake. Kisha mwaka 1986 mtaalamu wa ubongo wa Australia, John Pettigrew, akaamka na hoja kwamba popo wakubwa walao matunda, yaani jamaa za huyu wetu, wana mishipa ya macho iliyofungwa katika ubongo kwa mpango wa nyani, na kwamba wao na popo wadogo walao wadudu walijifunza kuruka kila mmoja kivyake. Hoja haikuwa ya kipuuzi. Popo wadogo huona kwa mwangwi wa sauti zao. Popo wa Pemba hana mwangwi, anatumia macho makubwa na pua. Ukimtazama usoni mchana akining'inia, na manyoya yake mekundu ya hudhurungi, humwoni panya. Unaona sura ya mbwa mdogo anayekutazama na kukufikiria.

Vinasaba ndivyo vilivyofunga kesi. Vilipopimwa, ilionekana popo wote wana asili moja, na wako karibu na farasi, mbwa na nyangumi kuliko walivyo karibu na nyani. Tena ikatoka ajabu ya pili: baadhi ya popo wadogo wenye mwangwi ni ndugu wa karibu zaidi wa popo wakubwa kuliko wa popo wadogo wenzao. Mgawanyo wa wakubwa huku na wadogo kule, uliofundishwa vyuoni miaka na miaka, ukavunjika. Ukubwa na sura viliwadanganya watu wazima wenye miwani.

Si popo peke yake aliyewadanganya. Perere wa misitu yetu, yule anayepiga makelele usiku kama mlango wa zamani unaofunguliwa, ukimwona juu ya mti utaapa ni jamaa wa panya. Ndugu zake wa karibu ni tembo na nguva. Na okapi wa misitu ya Kongo ya mashariki aliandikwa mara ya kwanza, mwaka 1901, kuwa aina ya punda milia, kwa kuwa mtaalamu Sclater wa London alikuwa ameona vipande vya ngozi yenye mistari tu, alivyovipeleka Harry Johnston kutoka Uganda. Lilipofika fuvu, mwaka huo huo, mwenzake Lankester akaona ni jamaa wa twiga, akamtungia jenasi yake, Okapia.

 

Kinachonigusa mimi katika ramani ya undugu wa popo wetu ni upande inakoelekea. Jenasi Pteropus ina spishi zaidi ya 60, kutoka visiwa vya Pasifiki, Australia na Asia, zikaja Bahari ya Hindi, Madagaska, Komoro, Shelisheli, Morisi, zikasimama Pemba na Mafia. Bara la Afrika hakuna hata mmoja. Kutoka hapa, siku ya anga safi, unaona milima ya Usambara huko Tanga, na popo anaruka usiku mmoja masafa makubwa. Hata hivyo bara hakuota mizizi. Wa Mafia ni nususpishi ya popo wa Shelisheli, anayepatikana pia Komoro. Wa kwetu ni spishi ya peke yake.

Angalia na mpapindi, mtende mwembamba wa msitu wa Ngezi. Harold Moore, Mmarekani bingwa wa mitende, aliuandika mwaka 1962 akauita Chrysalidocarpus pembanus. Mwaka 1995 jenasi hiyo ikamezwa na Dypsis, mtende wetu ukawa Dypsis pembana, Moore akatiwa mabanoni. Mwaka 2022 vinasaba vikaifufua jenasi ya zamani, mpapindi ukarudi jina lake la kwanza, na mabano yakaondoka. Katika kuhama na kurudi huko, jambo moja halikubadilika: karibu ndugu zake wote wako Madagaska na Komoro. Bundi mdogo wa Pemba, Otus pembaensis, naye kwa muda alihesabiwa kuwa aina ndogo tu ya bundi wa Madagaska, mpaka waliomsikiliza vizuri wakasema sauti yake, mlio mmoja mmoja wenye kituo, si ya yule.

Sababu iko chini ya maji. Mkondo kati ya Pemba na bara una kina cha mamia ya mita. Bahari iliposhuka zama za barafu, Unguja na Mafia ziliungana na bara, wanyama wakavuka kwa miguu. Pemba ilibaki kisiwa. Ndiyo maana Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na ndiyo maana kisiwa hiki kidogo kina ndege wanne wasiopatikana pengine: bundi huyo, ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara jeupe jichoni. Bwana miti anayejua majina ya Kilatini anasoma ndani yake kina cha bahari.

Tufike kwenye dai langu la mwanzo. Popo huliwa Pemba, au tuseme waliliwa na wengi na bado wapo wanaowala kimyakimya, ingawa mashehe wanakataza. Zamani waliwindwa kwa zana za asili. Bunduki zilipoingia, na misitu ikakatwa, wakapungua vibaya. Watafiti Abigail Entwistle na Nadia Corp, katika taarifa yao ya mwaka 1997, walikadiria kwamba wamebaki kati ya 4,600 na 5,500 kisiwa kizima. Mwaka 1996 popo huyu alikwisha kuingizwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini, daraja ya juu kabisa kabla ya kutoweka.

Sasa zingatia: orodha ile hupima zaidi spishi. Angekuwa popo wa kawaida wa bara, mwenye jamaa mamilioni kutoka Senegali hadi Msumbiji, nani angetoa nauli kuja kuwahesabu walioko Pemba? Kwa kuwa Matschie alisema yeye ni wa peke yake, na waliokuja nyuma wakathibitisha, basi walioko Pemba ndio walioko duniani. Ikaja misaada ya shirika la Fauna & Flora International, likishirikiana na Idara ya Misitu, vikaundwa vikundi vya wanavijiji vya kulinda mapumziko ya popo. Maarufu ni Kidike, unapokata njia ya Wete pale Mjini Ole. Mgeni hulipa kiingilio na fedha hubaki kijijini. Hesabu za baadaye zikaonyesha popo kiasi cha 20,000, na daraja yake ikashushwa, kutoka hatari kubwa mno hadi hatari ya kawaida. Kwa wanyama wa visiwa, kupona kwa kasi hiyo ni nadra.

Mlinganishe na paa mdogo wa Ngezi. Naye ni wa Pemba tu, aliandikwa mwaka 1924, lakini huhesabiwa kuwa nususpishi: Philantomba monticola pembae, jina la tatu likining'inia mwishoni. Spishi nzima, iliyoenea kutoka Afrika ya magharibi hadi kusini, haina wasiwasi wowote katika orodha. Kwa hiyo paa wa Pemba, aliyebaki mchache na mwenye woga, hukaa chini ya kivuli cha jamaa zake wengi wa Kongo, na fedha zinampita. Mbwa wa wawindaji hawajui tofauti ya spishi na nususpishi. Wafadhili wanaijua sana. Mimi naona huu ni upungufu wa mfumo wenyewe, na sijui kwa nini wataalamu wanaoujua hawausemi kwa sauti.

Na msidhani uainishaji ni mambo ya popo na mitende tu. Kichocho cha mkojo, kilichowatesa watoto wa visiwa hivi vizazi na vizazi, kinapita ndani ya konokono wa maji baridi. Unguja wako wawili, Bulinus globosus na Bulinus nasutus, na ukiweka magamba yao mezani huwatofautishi. Globosus anabeba kichocho; nasutus habebi. Ni vinasaba vilivyowatenganisha, na ramani ya konokono ilipochorwa upya ikaeleweka kwa nini kusini ya Unguja watoto waliepukana na maradhi ambayo kaskazini yalikuwa kila kijiji. Huku Pemba globosus yupo. Maabara ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi imekuwa ikifanya kazi juu ya kichocho na minyoo tangu mwaka 2000, na anayeingia mtoni na kopo la kukusanyia konokono lazima ajue amekamata yupi, vinginevyo dawa itamwagwa bondeni palipo salama na kuachwa palipo na maradhi.

Binti wa jirani hakuishia kwenye ndege na mnyama. Nilipomwonyesha jina zima la popo, akauliza, "Na waliomkamata huko Fufuni waliitwa nani?" Wapo, bila ya shaka. Mzungu mgeni hapandi mwembe usiku akamshusha popo. Lakini majina yao hayakuandikwa, na ukisoma orodha ya viumbe wa Pemba unasoma orodha ya wageni. Ndege wa duara la jicho ni Zosterops vaughani, wa Vaughan, Mwingereza aliyetumikia serikali ya Zanzibar. Bundi na ninga waliandikwa na Pakenham, mtawala wa kikoloni aliyependa ndege. Yeye angalau aliwaita pembaensis, yaani wa Pemba, mwaka 1937 na 1940. Chozi aliandikwa Berlin na Reichenow mwaka 1905, naye akapewa jina la kisiwa. Voeltzkow amebaki kwa popo, na kwa kinyonga wa Madagaska aliyepotea zaidi ya karne moja, mpaka alipoonekana tena mwaka 2018.

Wapo wanaotaka majina ya namna hii yafutwe yote. Mimi si mmoja wao. Kanuni za wanyama hazikubali kufuta jina kwa sababu ya chuki. Yuko mbawakawa wa mapangoni Slovenia anayebeba jina la Hitler tangu miaka ya 1930, na yupo hadi leo. Wenye mimea wamelegeza kidogo: mwaka 2024 mjini Madrid walipiga kura kubadilisha majina ya mimea zaidi ya 200 yaliyokuwa na neno caffra, tusi la makaburu lililozaliwa na neno kafiri, yawe affra. Mti wa miiba unaopandwa kuwa ua huko Kenya, Dovyalis caffra, umo katika orodha. Hilo nililiunga mkono, maana tusi ni tusi. Lakini Voeltzkow hakumtukana mtu. Ukilifuta jina lake, kila kitabu, kila hesabu ya popo na kila mkataba uliotaja Pteropus voeltzkowi utahitaji mkalimani.

Lililo bora ni majina yajayo. Nyani wa mlima Rungwe, aliyetangazwa mwaka 2005, ameitwa Rungwecebus kipunji, na kipunji ndilo jina walilokuwa nalo wenyeji. Mwaka 2022, katika kisiwa cha Príncipe, huko Atlantiki, aliandikwa bundi mpya, Otus bikegila, jamaa wa bundi wetu. Bikegila ni mkaazi wa kisiwa kile, zamani mkamata kasuku, baadaye mlinzi wa hifadhi, aliyewaongoza watafiti miaka mingi porini. Jina lake limeandikwa akiwa hai.

Misitu ya Ngezi, Ras Kiuyu na Msitu Mkuu, mapango ya Makangale na mikoko ya pande zote za kisiwa bado ina wadudu, konokono na kuvu wasiokuwa na jina la Kilatini. Wanafunzi wetu wana simu zenye kamera nzuri kuliko chombo chochote alichokuwa nacho Voeltzkow. Ukikuta kiumbe usichokifahamu, usikiue na usikibebe. Kipige picha kwa juu, kwa chini na kwa ubavu, uweke kitu kando yake cha kuonyesha ukubwa, kisha andika mahali, tarehe, mti au jiwe kilipokuwa, na jina wanaloliita wazee wa hapo, hata kama kila mzee anataja lake. Andika na jina la aliyekuonyesha. Peleka ofisi ya misitu iliyo karibu nawe, au kwa mwalimu wako wa bayolojia, na udai wakuandikie kwamba wamepokea.